Ndege Wasiopaa: Shajara ya Kusafisha Sensa ya Kamera, mtaa wa Umoja, Nairobi

Jumamosi, 1 Februari 2025

Kazi hii nimeanzishiwa na mteja. Mwezi uliopita nilipiga picha za ruracio, sherehe ya mahari, huko Kitengela: jua la saa saba, hema jeupe, ukoo mzima umepangwa safu nne. Nilitaka shangazi wa safu ya nyuma aonekane sawasawa na mjukuu aliyekaa chini mbele, basi nikabana lenzi mpaka f/16 (namba hiyo ikiwa kubwa, tundu la mwanga ndani ya lenzi ni dogo, na wa mbele na wa nyuma huonekana sawa). Jana mama wa msichana akanipigia simu, sauti ya upole kabisa. "Mwanangu, picha ni nzuri sana. Ila hawa ndege wa huku juu, ni wale korongo wa pale Nyayo wametufuata?"

Nikafungua kompyuta. Hakukuwa na ndege. Kulikuwa na madoa kumi na moja ya kijivu angani, na katika kila picha yapo palepale, tangu wageni wanafika hadi mbuzi anakatwa. Korongo gani huyo akae hewani kwa muda wa saa nne bila kupiga bawa?

Picha zenye anga ni 64. Programu inakubali usafishe moja kisha unakili marekebisho kwenye nyingine zote, lakini doa likiangukia kwenye kilemba cha mtu au paji la uso, inaacha kiraka kibaya kuliko doa lenyewe. Kwa hiyo nimezipitia moja moja mpaka saa nane usiku. Mke wangu ameniuliza kama hii ndiyo ile biashara niliyomwambia itanipa muda wa kukaa nyumbani.

Sensa ninayoisema si ile ya kuhesabu watu, msije mkadhani nimepata kazi ya serikali. Ni kile kibamba kilicho nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga, kilichokuja kuchukua nafasi ya filamu. Mafundi wa mjini wanakiita sensa, nami sioni haja ya kuwapinga. Yangu imo ndani ya Nikon D7100, toleo la mwaka 2013, niliyoinunua mtumba. Ina milimita 23.5 kwa 15.6, na katika eneo hilo dogo zimejazwa pikseli, zile nukta za kupokea mwanga, milioni 24. Ukipiga hesabu, pikseli moja ni kama mikroni 4, yaani sehemu nne za elfu za milimita, na unywele mmoja ukianguka pale unafunika pikseli zipatazo ishirini kwa upana. Ndiyo maana kitu usichokiona kwa macho kinaweza kuwa korongo kwenye picha ya ukutani.

Nimeuliza fundi mmoja mjini. Anataka shilingi 3,500 na kamera ilale kwake siku tatu. Siku tatu za fundi zikirefuka kidogo zinafika Jumamosi, na Jumamosi ndiyo shamba langu. Isitoshe, mwenzangu mmoja aliwahi kurudishiwa kamera kutoka kwa fundi mwingine ikiwa na mkwaruzo wa urefu wa punje ya mchele, na hakuna aliyekubali kuhusika. Nimeamua kuifanya mwenyewe, polepole, nikiandika kila hatua, ili nikiharibu nijue niliharibia wapi.

Usiku, saa mbili na nusu.

Kwanza kipimo. Nimeweka lenzi ya milimita 50, ISO 100, lenzi nimeibana hadi f/22, na fokasi nimeivuruga kwa mkono kusudi ukuta usionekane vizuri. Kisha nimepiga ukuta mweupe wa sebuleni huku nikiizungusha kamera kidogo wakati shata, lile pazia la mbele ya sensa, iko wazi, karibu sekunde mbili. Ukuta wenyewe una alama za kalamu za binti yangu, na kwa kuzungushwa zote zinafutika zinakuwa ukungu. Kilicho kwenye sensa hakifutiki, maana kinazunguka pamoja na kamera. Nimeiweka picha kwenye kompyuta, nikakaza weusi na weupe, nikahesabu.

Thelathini na moja.

Nimerudia kwa f/16: kumi na moja, walewale wa Kitengela. Kwa f/5.6, labda matatu, na ni lazima uelekezwe. Kwa f/2.8, hakuna hata moja. Nilikuwa bado nashangaa stima zikapotea, na giza hilo ndilo lililonifundisha. Binti yangu aliwasha tochi ya simu, akaanza kutengeneza sungura ukutani kwa vidole, masikio makali kama yamekatwa kwa wembe. Stima ziliporudi, taa ndefu ya dari ikawaka, sungura yuleyule akayeyuka akawa wingu. Mwanga ukitoka kwenye kitundu kidogo, kivuli kinakuwa kikali. Ukitoka mahali papana, unapenya kila upande na kukila kivuli. Lenzi nayo ni hivyo. Vumbi halikai juu ya pikseli zenyewe, linakaa juu ya kioo kilicho mbele yake, kwa hiyo tunachokiona kwenye picha ni kivuli chake tu. Ukibana lenzi, unakinoa.

Kumbe ndiyo sababu. Miaka miwili nimewapiga maharusi kwa f/2.8 nikijiona msafi.

Jumapili, 2 Februari

Leo hakuna kugusa. Hewa peke yake.

Lile neno "kusafisha sensa" lenyewe linatisha kuliko kazi. Hakuna anayeigusa silikoni, yaani kibamba chenyewe. Mbele yake kuna kioo cha kuchuja mwanga, kigumu kiasi chake, na hicho ndicho kinachosafishwa. Ila juu ya kioo hicho kuna utando mwembamba sana wa kuzuia mng'ao, na huo ndio unaokwaruzika. Chembe ya mchanga ikiburutwa juu yake na kijiti cha kusafishia, ndiyo hiyo punje ya mchele ya mwenzangu. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote chenye maji, lazima kila kinachoweza kuondoka kwa upepo kiondoke.

Betri nimeichaji mpaka ikajaa. Hili si la mzaha. Kwenye kamera yenye kioo cha kuruka, kile kinachopeleka picha kwenye kitazamio na kupisha unapopiga, unaingia kwenye menyu, unachagua kukifunga kioo juu kwa ajili ya usafi, unabonyeza kitufe cha shata mara moja, kioo kinapanda na shata inafunguka. Kinachovishikilia hapo ni umeme wa betri. Nikon yangu inakataa kabisa kufungua kama chaji ni ndogo, na chaji ikipungua katikati ya kazi inalia na kumulika taa yake ya mbele: una kama dakika mbili kabla shata haijajifunga na kioo kushuka. Wapo wanaofungua shata kwa kuchagua muda mrefu na kushikilia kitufe kwa kidole. Kidole kikiteleza, shata inashuka juu ya kijiti. Mimi mbio hizo siziwezi.

Nimechagua bafu. Usiku watoto wote walioga, mvuke ulitulia na kushuka na vumbi la hewani, na asubuhi sakafu ilikuwa kavu. (Maji yetu huja siku mbili kwa wiki, kwa hiyo hata kupanga usafi wa kamera kumebidi kufuate ratiba ya maji.) Dirisha nimefunga. Sweta la manyoya nimevua, maana linajaa umeme tuli na kuvuta vumbi kama sumaku, nikavaa fulana ya pamba.

Sasa suala la pampu. Mke wangu, akiwa na nia njema kabisa, alinipa ile ya mpira ya kunyonya kamasi za mtoto. Umbo ni lilelile. Nilikaribia kuikubali, kisha nikaifinya juu ya kioo cha meza: ikatema unga mweupe. Na hata ingekuwa safi, haina tundu la nyuma. Ukiiachia inavuta hewa kwa mdomo uleule, pamoja na vumbi ulilolifukuza sasa hivi, na ukiifinya tena unalirudisha lilikotoka. Pampu ya kamera, ile yenye umbo la roketi, ina vali nyuma inayoingiza hewa upande wa pili. Nilinunua shilingi 800. Ya mtoto imerudi kwa mtoto.

Vitu vingine viwili nilivikataa bila mjadala. Mdomo wangu mwenyewe, kwa sababu hakuna binadamu anayepuliza bila kutoa angalau tone moja la mate. Na ile hewa ya kopo ya kusafishia kompyuta: ukiinamisha kopo kidogo, kinachotoka si hewa tena bali kimiminika chenye baridi kali, na kikituama kwenye kioo kinaacha doa ambalo vumbi lingelionea wivu.

Nimeshika kamera juu ya kichwa, mdomo ukitazama chini, ili kinachong'oka kianguke. Ncha ya pampu nimeiacha nje ya mdomo wa kamera. Mifinyo kumi na tano ya nguvu, nikibadilisha pembe. Kabla ya hapo niliitikisa pampu yenyewe na kuifinya pembeni mara kadhaa, maana nayo inakaa kwenye begi lilelile la vumbi.

Kisha nimeiamuru kamera ijitikise. Uwezo huo ulianza na Olympus E-1 mwaka 2003, kioo cha mbele ya sensa kinatetemeshwa kwa kasi ya ajabu mpaka vumbi lidondoke, na siku hizi karibu kila kampuni ina wa kwake. Kijitabu cha Nikon kinasema kamera iwe imekaa kwa kitako wakati wa kutetemeka. Miaka yote nimekuwa nikiiacha ijitikise ikiwa imelala kwenye begi.

Kipimo cha f/22: tisa.

Kutoka 31 hadi 9, bila kugusa chochote. Kama ningelijua hili mwezi wa kwanza ningelilala usiku ule.

Shemeji alipita mchana kula. Akaichukua kamera, akaweka jicho kwenye kitazamio, akasema, "Shemeji, mbona bado chafu? Naona kinywele hapa." Nami nakiona, kipo miezi mingi. Ila hakipo kwenye picha hata moja. Kinachoonekana kwenye kitazamio tu kiko juu, kwenye kile kioo chenye ukungu ambacho picha huangukia kabla ya kufika jichoni, na hicho ni plastiki laini inayochubuka hata kwa karatasi ya choo. Nilikipuliza mara mbili kikagoma, nikakiacha. Hakinidai kitu.

Jumatano, 5 Februari

Siku ya kutafuta dawa.

Madoa tisa yaliyobaki nimeyachora kwenye karatasi. Picha huangukia kwenye sensa ikiwa imepinduka, kwa hiyo doa lililo juu kwenye picha liko chini kwenye sensa. Kushoto na kulia havibadiliki ukiwa umeitazama kamera usoni. Nimepoteza nusu saa kuliamini hili, nikaishia kupiga picha ya kidole cha binti yangu kikiwa kushoto juu ili nifuate mwenyewe mwanga unapita wapi.

Sita kati ya tisa ni yale ya mviringo kamili, katikati kuna mwangaza na pembeni pameiva. Hayo si vumbi, vumbi halina adabu ya kuwa duara. Ni mafuta ya mashine ya shata yanayoruka kidogo kidogo, au tone lililokauka. Upepo hauwezi mafuta. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Nikon D600 ya mwaka 2012: wenye nazo walilalamika sana kuhusu madoa ya namna hiyo, na mwaka 2014 kampuni ikatangaza kuzikagua, kuzisafisha na kuzibadilishia shata bila malipo. Yangu ni ya kawaida tu, miaka na kazi.

Kwenye duka la dawa nilipewa spiriti. Ni nzuri kwa kidonda. Ila ni asilimia 70, inayobaki ni maji, na maji yakikauka huacha ramani. Nyingine huongezwa rangi, nyingine mafuta ya kulainisha ngozi. Fundi wa simu wa hapa chini, ambaye namheshimu kwa mambo mengine, akanionyesha chupa yake: "Chukua thina, bro. Mimi husafisha bodi zote na hii." Nikamuuliza kama husafishia pia skrini. Akacheka. "Skrini? Hapana, inakula."

Mwishowe nimenunua mjini pakiti ya vijiti maalumu kumi na chupa ndogo ya kimiminika chake, jumla shilingi 2,900. Vijiti vina ncha bapa ya kitambaa kisichotoa nyuzi, upana wake milimita 16, kwa ajili ya sensa za ukubwa wa yangu. Kamera zenye sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24 zina vyao vya milimita 24. Ukubwa huu una maana yake: sensa yangu ina kimo cha milimita 15.6, kwa hiyo kijiti kikipita mara moja kutoka ukingo hadi ukingo kimemaliza, hakuna kurudi kusugua katikati. Pamba za masikio sizitaji, zinaacha nyuzi hata sikioni.

Ukijumlisha na pampu nimetumia 3,700. Fundi alitaka 3,500. Nimemwambia mke wangu kwamba vijiti vingine vitabaki, akaniambia hata yeye gauni lake la harusi limebaki.

Kimiminika chenyewe ni methanoli. Kinakauka kabla hujamaliza kulitaja jina, na ndiyo sifa yake. Lakini ni methanoli ileile ambayo ikiwekwa kwenye pombe haramu hupofusha na kuua. Hakuna aliyesahau Mei 2014, pombe hiyo ilipoua watu Embu, Kitui na kwingineko. Chupa inafanana na ya dawa ya macho, kwa hiyo haikai bafuni wala jikoni. Iko juu ya kabati, ndani ya kopo la chuma, na watoto wameonyeshwa na kukatazwa. Inashika moto haraka na mwali wake mchana hauonekani vizuri, kwa hiyo siku ya kazi gesi itafungwa.

Jumamosi, 8 Februari

Hakuna kazi wikendi hii, harusi niliyokuwa nayo imeahirishwa. Basi leo.

Meza ya kulia chakula imefutwa kwa kitambaa chenye unyevu. Gesi imefungwa, dirisha limeachwa wazi kidogo kwa ajili ya harufu. Betri imejaa. Pampu tena, mifinyo kumi. Kamera imelazwa chali juu ya leso iliyokunjwa, mdomo juu, kioo kimefungwa juu. Binti yangu ameshika tochi upande wa kushoto. Sensa inaonekana kule chini ikimetameta rangi ya zambarau na kijani, kama mafuta ya gari kwenye dimbwi. Kutoka mdomo wa kamera hadi kwenye sensa ni milimita 46.5. Huo ni urefu wa kidole gumba, lakini ukishika kijiti unajiona kama unasugua kitako cha birika kupitia mdomo wake.

"Baba, usipumue," akasema. Nilikuwa sipumui tangu zamani.

Nikadondosha matone. Hapa ndipo nilipokosea. Maelekezo yanasema mawili, yakizidi matatu. Niliona mawili yamepotea ndani ya kitambaa, nikaogopa kwamba kijiti kikavu kitakwaruza, nikaongeza mpaka matano. Nikaegemeza mkono mezani, nikaweka ncha kwenye ukingo wa kushoto, nikaivuta kwenda kulia kwa uzito wa kalamu inayoandika. Ilipita vizuri. Nikageuza upande wa pili wa kijiti, nikarudi kulia kwenda kushoto. Mwishoni, huko nje barabarani, magari ya matatu yakapiga honi kwa mpigo, mkono ukaruka kidogo sana, ncha ikagusa ukuta wa ndani wa chumba cha kioo. Nikaiinua. Upande wa chini wa sensa ulikuwa umelowa, nikauona ukikauka mbele ya macho yangu, ukiacha mstari.

Kipimo: madoa ya duara yameisha yote sita. Badala yake kuna utepe mrefu kama njia ya konokono, upande mzima wa juu wa picha, na kwenye kona ya kushoto michirizi ya kitu kizito. Nadhani nimechota grisi ya ukutani mle nikaja kuipaka.

Nilichukua kijiti cha pili. Nikakirudisha. Mkono ulikuwa unatetemeka, na hasira ilikuwa imeshapanda. Nilizima kamera, kioo kikashuka, nikafunika mdomo, nikaenda kusimama kwenye balkoni. Kijiti kilichotumika nimekitupa. Kipo kishawishi cha kukitumia tena kwa sababu kinaonekana cheupe, na vilivyobaki vinahesabika. Ila chochote kilichong'oka sasa kimo humo.

Jumapili, 9 Februari

Alfajiri, kabla magari hayajaanza kelele. Binti amelala, tochi nimeifunga kwa mpira kwenye mtungi wa maji.

Pampu. Kijiti kipya, matone mawili, nikasubiri kama sekunde tano kitambaa kinyonye. Safari hii nilianza kwa kuinamisha kijiti kidogo kuelekea ninakokwenda, nikakinyanyua milimita moja hivi kabla ya ukuta, si kwenye ukuta. Kugeuza, kurudi, kutupa. Kioo kilikauka kikifuata nyuma ya kijiti, hakukuwa na umaji uliobaki. Utepe wa konokono umekwenda nusu. Kijiti cha pili, nusu iliyobaki. Cha tatu nilikitumia kwa ile kona ya grisi tu, upande mmoja, bila kurudi.

Kipimo cha f/22: matatu. Mawili ni hafifu mno, kwenye f/16 hayapo. La tatu liko kona ya chini kulia ya picha, jeusi, dogo, kama nukta ya mwisho wa sentensi. Limekuwapo tangu mwanzo, nambari saba kwenye mchoro wangu, na halikujali upepo wala methanoli.

Nina vijiti sita. Nimelitazama lile doa kwenye skrini kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kutazama picha yoyote niliyoipiga. Nikaweka picha ya kipimo kwenye f/11, ambayo ndiyo ninayoitumia zaidi kwa makundi: halionekani. Kona ile mara nyingi ni nyasi au viatu vya watu. Na kila nikipitisha kijiti ninaweka dau upya, grisi ile bado ipo ukutani inangoja mkono wangu uruke. Mke wangu aliamka akanikuta hivyo, akauliza kama nimemaliza. Nikasema ndiyo, nikafunga kopo la chuma.

Jumamosi, 15 Februari

Harusi iliyoahirishwa imefanyika leo, bustanini, Karen. Anga la bluu tupu, na familia ya bwana harusi ikataka lazima angani patoshe kwa ajili ya kadi. f/11 na f/16. Nimezipitia usiku huu. Picha 212, anga safi. Ya 140 ina doa juu ya paa. Moyo ulinilipuka. Nikafungua ya 141: doa limesogea kushoto. Ya 142 lina mabawa. Mwewe.

Lenzi nilibadilisha mara mbili tu, na zote mbili kamera imezimwa, mdomo ukitazama ardhi, mgongo wangu ukiwa umekinga upepo. Lenzi mpya niliitayarisha kwanza mkononi. Kitengela nakumbuka nilibadilisha nikiwa nimesimama kando ya magari yanayoegeshwa, kamera kifuani mdomo ukitazama juu, kama mtu anayekinga mvua. Nayo ile lenzi yangu ya kuvuta na kurudisha ni mivukuto ya mhunzi, kila ukiirefusha inavuta hewa na kuisukuma ndani. Hiyo sina la kuifanya, ndiyo inayonilisha.

Jumapili, 2 Machi

Kipimo cha kila mwezi, nimeamua kiwe cha kila mwezi: manne kwa f/22. Pampu, mifinyo kumi: mawili. Nambari saba yupo palepale. Sikufungua kopo.

Mwenzangu wa punje ya mchele amekuja na kamera yake mpya, zile zisizo na kioo cha kuruka. Amesikia nina vijiti, anataka nimpitishie. Kwenye hizo, ukitoa lenzi sensa iko hapo hapo inakutazama, rahisi kuifikia na rahisi kuichafua, na ya kwake inaelea juu ya sumaku za kutuliza mtikisiko. Ukiikandamiza inayumba kama boti. Nilimwambia kwanza tupime. Madoa matano. Nikaishika mdomo chini, nikampulizia. Likabaki moja, hafifu.

"Basi maliza na hilo," akasema.

Nikamnyima. Akanuna kidogo, akanywa chai, akaniita mchoyo wa vijiti. Wakati anafungasha nikaona kile kifuniko cha nyuma cha lenzi, ambacho hukaa kwenye mfuko wa koti lake kila anapopiga. Nikakigonga juu ya kiganja: maganda ya njugu, uzi wa koti, na mchanga mwekundu wa kutosha kupanda sukumawiki. Hicho ndicho anachokivisha lenzi, na lenzi ndiyo anayoivisha kamera.

Nimekiosha kwa sabuni ya vyombo pamoja na vyangu vinne. Vinakauka kwenye kamba kwa vibanio, kando ya soksi za shule.